Nimepungua kwa Hiari Yangu, Lakini Kila Anayeniona Ananiuliza Ninaumwa Nini

BARUA

Shikamoo mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mama wa watoto watatu. Ninafanya biashara ya dagaa Mwaloni, Kirumba, na ninaishi na mume wangu Mabatini, katika nyumba za juu kule mlimani. Mwaka jana mwezi wa nane nilikwenda kituo cha afya kwa sababu ya maumivu ya magoti. Nilipopimwa niliambiwa kwamba presha iko juu, sukari iko mpakani, na kwamba kilo 98 kwa mtu wa kimo cha sentimita 160 ni mzigo ambao magoti yangu yasingeweza kuendelea kuubeba. Nilianzishiwa dawa za presha za aina mbili, moja ikiwa ile inayomfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara, nikashauriwa pia nipunguze uzito.

Nilitii. Niliacha soda, maandazi ya asubuhi na chipsi za jioni, nikapunguza ugali ukabaki nusu ya ule niliouzoea, na badala ya kupelekwa na bodaboda mpaka inapoishia njia, nikaanza kushukia barabarani na kupanda ngazi za mawe kwa miguu. Kwaresima ya mwaka huu nilikuwa nakula mlo mmoja tu kwa siku, na wakati huo ndipo nilipopungua kwa kasi kuliko wakati mwingine wote. Sasa nina kilo 79. Magoti yametulia na ninalala vizuri.

Kinachonitesa ni sura ya mwili wenyewe. Mifupa ya mabega imejitokeza, mashavu yamebonyea, na shingoni kumeingia mikunjo ambayo haikuwapo. Nyama ya mikono inaning'inia nikiinua kitu. Tumbo halikwenda popote, limelegea tu na kujikunja, na joto likizidi ninawashwa ndani ya mkunjo. Tangu mwezi wa tano nywele zinatoka kwa wingi kila ninapochana, mpaka msusi wangu akaniuliza kulikoni.

Maneno ya watu nayo yamezidi. Mteja wangu wa siku nyingi alinishika mkono na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba dawa siku hizi ni za bure na nisione aibu. Mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Magu, aliniangalia tu machozi yakamtoka, na kesho yake akamwita mume wangu pembeni wakaongea. Tangu siku hiyo mume wangu amekuwa mkimya. Pete ya ndoa nimeihifadhi kabatini, kwa kuwa ilichomoka kidoleni nilipokuwa nampimia mteja dagaa ikazama ndani ya gunia, na niliipata kwa shida sana. Hajaniuliza iko wapi, ila ninamwona anavyokitazama kidole.

Jirani amenishauri nijifunge nailoni tumboni ninapotembea ili mafuta yatoke kwa njia ya jasho, nami nimeanza. Mwingine ameniletea krimu ya kukaza ngozi, sijaitumia bado. Siku hizi nikiinuka baada ya kuinamia magunia ninaona giza. Nikijitazama kwenye kioo ninajiuliza kama nimejitendea mema au nimejiharibu. Je, ninenepe kidogo ili watu watulie?

Mama wa Mabatini, Mwanza

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa yote uliyoyabeba peke yako.

Umenieleza mengi kwa utulivu, lakini lililonishtua ni lile ulilolitaja kwa sentensi moja karibu na mwisho, kwamba ukiinuka unaona giza. Nitaanzia hapo, kwa sababu ngozi na nywele vinaweza kusubiri, ila hilo halisubiri. Dawa zako za presha zilipangwa kwa ajili ya mwanamke wa kilo 98. Mtu anapopungua kiasi ulichopungua wewe, mara nyingi presha hushuka yenyewe, na dozi iliyokuwa sahihi mwaka jana inaweza kuwa kubwa mno leo, hasa ikiwa mojawapo ya dawa hizo ni ya kuongeza mkojo, ambayo hutoa maji na chumvi mwilini. Mtu wa namna hiyo akiinuka ghafla, damu huchelewa kufika kichwani, naye huona giza na anaweza kuanguka, na wewe unapanda na kushuka ngazi za mawe kila siku. Usisubiri tarehe yako ya kliniki. Nenda wiki hii, beba vidonge vyote unavyotumia pamoja na pakiti zake, mweleze daktari au tabibu kwamba umepungua kilo 19, na umwombe akupime presha ukiwa umekaa kisha ukiwa umesimama. Kupunguza dozi au kubadilisha dawa ni uamuzi wake, usiache dawa kwa uamuzi wako hata kama unajisikia vizuri. Kwa siku hizi chache kabla hujamwona, usiinuke kwa mkupuo. Chuchumaa kwanza, shika kitu, ndipo usimame.

Nailoni iache leo hii. Jasho ni maji na chumvi, halina mafuta, na unachokipoteza kwa kujifunga nailoni kinarudi ukinywa maji. Kwa mtu anayetumia dawa ya kuongeza mkojo, katika joto la Mwanza, hiyo ni njia ya kujikausha na kuzidisha kizunguzungu hichohicho. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Australia, Ruben Meerman na Andrew Brown, walipiga hesabu ya mahali yanakokwenda mafuta ya mwili yanapotumika, na jibu lao linawashangaza wengi hata leo: katika kila kilo 10 za mafuta yanayoondoka, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi ikiwa hewa ya kaboni, na kilo 1.6 zinazobaki hugeuka maji. Mafuta yako, mwanangu, yalitoka kwa kuhema pale ngazini, nawe huhitaji kuyasaidia kwa nailoni.

Sasa tuje kwenye kioo. Mwili unapotumia akiba yake ya mafuta, haumsikilizi mtu anayetaka yaondoke tumboni yabaki mashavuni. Huyachukua kila mahali kwa mpangilio wake, unaotokana kwa sehemu kubwa na urithi, umri na homoni, na hakuna zoezi la tumbo linaloweza kuuamuru mwili utoe mafuta ya tumboni peke yake. Uso huonyesha mapema kwa sababu ngozi yake ni nyembamba na iko wazi kwa kila mtu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walionyesha kwamba kwa mwanamke wa kimo cha wastani, upungufu wa takribani kilo 3.5 unatosha kuwafanya watu waione tofauti usoni. Wewe umepungua mara tano ya hizo na zaidi. Mifupa ya mabega uliyoiona ni ileile uliyozaliwa nayo, ilikuwa imefunikwa, na kuiona sasa si dalili ya kudhoofika.

Ninasema hivyo nikiwa na hesabu mkononi. Shirika la Afya Duniani hutumia uwiano wa uzito na kimo uitwao BMI (kilo zako zikigawanywa kwa kimo cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe), ambapo kuanzia 25 mtu huhesabiwa kuwa na uzito uliozidi, na kuanzia 30 huhesabiwa kuwa na unene uliopindukia. Ulipoanza ulikuwa na 38, na leo una karibu 31. Soma namba hiyo taratibu, kwa maana wanaolia kwamba unaisha wanamlilia mtu ambaye kwa vipimo vya afya bado ana uzito mkubwa. Hawakudanganyi kwa makusudi. Wanakulinganisha na wewe wa mwaka jana, na macho yao hayajazoea. Hata ya kwako hayajazoea, ndiyo maana kioo kinakutisha. Kwa kweli ulivyopungua kwa jumla ni mwendo mzuri: ni kama nusu kilo kwa wiki, na wataalamu wengi hushauri kati ya nusu kilo na kilo moja.

Tatizo naliona mahali pamoja, nalo ni ile Kwaresima. Siingilii nadhiri ya mtu na Mungu wake, ila mlo mmoja kwa siku, kwa mama anayefanya kazi ya nguvu na anayetumia dawa za presha, ulikuwa mdogo mno, na nywele zako ndizo zinazolipa deni hilo. Unywele huwa na kipindi cha kukua na kipindi cha kupumzika kabla haujadondoka. Mwili ukipata mshtuko, kama vile kujifungua, homa kali au kupungua kwa kasi, nywele nyingi huingia katika kipindi cha kupumzika kwa pamoja, na baada ya miezi miwili au mitatu hudondoka kwa pamoja. Hesabu kuanzia Kwaresima utafika mwezi wa tano, yaani wakati uleule ulioutaja. Kwa kawaida hali hii huisha yenyewe ndani ya miezi sita hivi, na nywele huota upya, kwa sharti kwamba unaulisha mwili. Usiache kula dagaa unaowauzia wengine, ongeza maharage, mayai, mchicha na matembele, na ule walau milo mitatu hata kama kila mmoja ni mdogo. Pumzisha kichwa kwa muda, usisuke misuko inayovuta. Siku hiyo ya kliniki omba pia wakupime wingi wa damu, kwa kuwa upungufu wa damu nao hutoa nywele na huleta kizunguzungu, na ni jambo la kawaida kwa wanawake ambao bado wanapata hedhi.

Kuhusu ngozi sitakupa matumaini ya uongo. Ngozi iliyotanuka kwa miaka mingi, ikabeba mimba tatu na mafuta juu yake, hupoteza sehemu ya nyuzi zinazoifanya ivutike na kurudi, na mtu aliyevuka miaka 40 hana mnyumbuko wa binti wa miaka 20. Itaendelea kujirudi kidogo kidogo kwa miezi mingi, lakini haitarudi yote. Ukiona na michirizi, ujue ilikuwapo muda mrefu, inaonekana sasa kwa sababu ngozi imelegea, na kadiri siku zinavyokwenda itafifia bila kutoweka. Krimu uliyoletewa haiwezi kukaza ngozi ya tumbo, hakuna krimu inayoweza. Ikiwa haina maelezo ya viambato vyake, usiipake kabisa, kwani sokoni kuna krimu nyingi zenye dawa kali au zebaki zinazoharibu ngozi na figo, na wewe mwenye presha una sababu ya ziada ya kuzilinda figo zako. Kinachosaidia kwa kiasi ni kujenga misuli chini ya ngozi hiyo. Kubeba na kuinua unafanya kila siku kazini, basi ongeza kuchuchumaa na kuinuka, na kuusukuma ukuta kwa mikono, mara chache kwa wiki. Upasuaji wa kuondoa ngozi iliyozidi upo, lakini ni wa gharama kubwa, una hatari zake, na madaktari hutaka kwanza uzito utulie kwa miezi kadhaa, kwa hiyo usiufikirie mwaka huu.

Ule mwasho ndani ya mkunjo wa tumbo ni jambo dogo linalotibika. Jasho likikaa hapo fangasi hustawi. Osha, kausha vizuri kabisa, weka kitambaa safi cha pamba kati ya ngozi na ngozi, na ukiona wekundu, harufu au kidonda, waonyeshe kliniki wakupe dawa ya kupaka. Nailoni uliyokuwa ukiifunga ilikuwa inazidisha hata hilo.

Umeniuliza kama unenepe kidogo ili watu watulie. Hapana. Kilo tano tu zingetosha kuanza kukusaidia kwenye presha na sukari, na umepunguza karibu mara nne ya hizo. Ukizirudisha, presha na maumivu ya magoti vitarudi nazo, na waliokuwa wakikuonea huruma hawatakuwapo kukubebea. Ninachokushauri ni kutulia: kaa katika uzito huu miezi miwili au mitatu, ule vizuri, nywele zipate nafuu, ndipo uzungumze na daktari kama uendelee. Badala ya kioo tumia futi ya fundi cherehani. Pima kiuno chako mara moja kwa mwezi. Kwa mwanamke, zaidi ya sentimita 80 hatari ya maradhi ya moyo na sukari huongezeka, na zaidi ya 88 huongezeka sana. Hiyo ndiyo namba ya kufuatilia.

Wakati huohuo uwe makini na jambo moja. Kupungua kwako nakuita kwema kwa sababu kuna chanzo unachokijua. Ikiwa utarudi kula vizuri na bado uzito ukaendelea kushuka, au ukapata kiu isiyoisha, kikohozi cha wiki mbili na zaidi, homa na jasho jingi usiku, au moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, usiseme ni zile ngazi. Rudi hospitali upimwe.

Nimeyaacha maneno ya watu mpaka hapa kwa sababu ndiyo yaliyokuumiza zaidi, na nataka uyaelewe yanakotoka kabla hujayachukia. Ng'ambo ya ziwa letu, mkoani Kagera, ndiko walikobainika wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini, mwaka 1983. Kwa miaka zaidi ya ishirini, mpaka dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, watu wa Kanda ya Ziwa walijifunza kuusoma ugonjwa kwenye mashavu na mabega. Mama mkwe wako alikuwa mtu mzima katika miaka hiyo. Alipokuona umepungua, hakuona ngazi za Mabatini, aliona watu aliowazika, na machozi yale hayakuwa ya kukuhukumu. Mteja wako naye, ingawa alikosea, alikuja kwako na neno la msaada. Ila macho hayo yamepitwa na wakati. Siku hizi mwenye virusi anayetumia dawa vizuri hunawiri na kufanya kazi zake, na mnene anaweza kuwa navyo bila kujijua, kwa hiyo unene wa mtu hausemi lolote kuhusu hali yake. Sokoni huna haja ya kutoa maelezo marefu. Sema, "Niliambiwa presha na uzito, nimefuata ushauri wa daktari," kisha endelea kupima dagaa. Usithubutu kumwonyesha mtu karatasi ya majibu ya kipimo chochote ili kujisafisha, kwa kuwa hayo ni mali yako, na ukishamwonyesha mmoja, wengine nao watadai kuonyeshwa.

Mume ni jambo jingine, yeye anastahili maelezo, na kosa la kungoja aulize mnalifanya wote wawili. Jiweke mahali pake: mke anabadilika mwili, pete haipo kidoleni, mama yake amemnong'oneza asilojua namna ya kulisema, na wewe hukusema neno. Usingoje. Mtafute wakati watoto wamelala, mtolee pete kabatini, muonyeshe inavyocheza kidoleni, umweleze ilivyopotelea ndani ya gunia. Sonara ataipunguza kwa muda mfupi. Mwambie pia juu ya kizunguzungu, na umwombe akusindikize kliniki, kisha mkiwa hapohapo mpime VVU pamoja. Sikuambii hivyo kwa sababu ninakushuku. Ninakuambia kwa sababu wanandoa wote wanashauriwa kujua hali zao, kipimo ni bure, na hofu iliyoingia nyumbani kwenu haiondoki kwa kukataa peke yake. Asikie kwa masikio yake mtoa huduma akisoma presha yako ya mwaka jana na ya leo. Kama atakuambia kwamba aliupenda mwili wako wa zamani, msikilize bila kuchukia, kwa kuwa hata yeye ana kitu cha kuzoea, lakini asikie kutoka kwako kwamba hutaurudisha.

Kuhusu mama mkwe, mwache mwanawe amweleze kwanza, nawe umpigie simu baadaye, umwamkie na kumshukuru kwa kukujali. Akija tena na mtindi na michembe ya kukunenepesha, pokea kwa mikono miwili, kula kidogo mbele yake, kisha umwombe akufundishe kupika mlenda kama anavyoupika yeye, mle pamoja na sato, na umwonyeshe kwa kiganja kiasi cha ugali unachotaka akupakulie.